Watkins Glen: safari ya kwenda kuona NASCAR ikipinda kulia

Hii nimeipanga nikiwa nimesharudi nyumbani Elizabeth, New Jersey, kutoka kwenye noti za simu na mapicha kibao. Kuna watu waliniuliza kabla sijaondoka kwenda Watkins Glen, jimbo la New York, kuona NASCAR, ile ligi kubwa ya mbio za magari ya Marekani: wewe unaendesha kutwa nzima kwenda kuangalia magari yanazunguka duara? Basi nianzie hapo. Ni kweli mbio nyingi za NASCAR ni za sakiti (njia ya mbio) ya mviringo, kona zote kushoto. Ila msimu wa 2025, niliokwenda mimi, wenye mbio 36, 6 zilipangwa kwenye sakiti zenye kona za kulia na kushoto au mitaani kabisa: Austin, Mexico City, Chicago, Sonoma, Watkins Glen na ile ya Charlotte ya mwezi wa kumi. Hizo ndo mi nazipenda kufa.

Sababu ni gari lenyewe. Lina bodi ya Camry, Mustang au Camaro, bila dereva ni karibu kilo 1,450, mbele injini ya V8 ya lita 5.9 hivi, msimu huo wa 2025 ilikuwa na nguvu farasi 670, halafu halina ABS (ile ya kuzuia breki zisifunge tairi) wala kompyuta ya kuzuia tairi kuteleza. Sasa lichukue hilo dude ulipeleke kwenye kona ya kulia inayoshuka, na mwenzako yuko ubavuni anakugusa mlango. Kila kitu dereva anachofanya unakiona kwa macho.

Nilienda na shem, kaka wa mke wangu, yeye ni dereva wa semi huku Marekani na zamani Bongo alikuwa anapiga Dar–Tunduma kwa lori. Huyu nitamtaja sana kwa sababu alichokiona yeye mi nisingekiona.

Alhamisi, 7 Agosti: Elizabeth hadi Montour Falls

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri ili tuiwahi barabara kuu ya I-80 kabla haijajaa. Jazeni mafuta New Jersey kabla ya kuvuka, bei ilikuwa nafuu kuliko mbele na kwa sheria ya hapa hujijazii mwenyewe, unakaa ndani mhudumu anakuja dirishani. Ukivuka mto Delaware kuingia Pennsylvania kuna toli, hela ya kupita darajani, baada ya hapo ni I-380 halafu I-81.

Maeneo ya Scranton kulikuwa na ujenzi, njia mbili zimekuwa moja, tukakwama karibu saa nzima katikati ya malori. Shem wala hakukasirika, akawa ananionyesha madereva wanavyoshuka ule mlima, huyu anakanyaga breki mwanzo mwisho huyu anapangua gia, "sikia huyu, injini ndo inamshikilia, huyu atafika". Sikujua kwamba hiyo ndo ilikuwa darasa ya safari nzima.

Mchana tulikula Binghamton. Ukifika pale usiende kwenye baga, ulizia spidi, wao wanaandika spiedie: vipande vya nyama vimelazwa kwenye siki, mafuta na majani ya viungo, vinachomwa kwenye njiti halafu vinavutwa ndani ya mkate mrefu laini. Ya kuku ilikuwa nzuri ila ya kondoo ndo yenyewe. Tulilipa dola 27 kwa wawili na soda. Kutoka hapo barabara ya 17 inafuata mto Susquehanna kwa muda mrefu, njia nzuri, hakuna la kusimulia.

La kusimulia lilikuwa moteli. Tulishabuku toka Juni, tunafika kaunta tunaambiwa chumba hakipo, mfumo umekosea, pesa zitarudi baada ya siku kadhaa, na wikiendi ya mbio huwezi kupata kitanda eneo lile lote. Tulipiga simu sehemu nyingi, zote zimejaa au wanataka dola 400 kwa usiku. Tukasema twende tu kaskazini tukale mahindi tufikirie. Barabara ya 14 kuna mama mmoja anauza mahindi mabichi na nyanya kwenye meza mbele ya nyumba yake, tukanunua, akatuuliza mnatoka wapi, tukamwambia Tanzania kupitia New Jersey, na mkasa wa moteli tukamweleza. Yule mama hakusema mengi, akatoa simu akampigia dada yake anayekaa karibu na Montour Falls, dakika tano tukawa na sehemu ya kupiga hema uwanjani kwake, dola 40 kwa usiku, bafu la maji moto, na akatufungia mahindi sita mengine akakataa hela. Kumbe watu wengi wa pale wikiendi ya mbio wanafungua viwanja vyao kwa wageni. Kwa hiyo kama unakwenda beba hema hata kama umebuku hoteli, likae kwenye buti.

Ijumaa, 8 Agosti: kijiji, korongo, na pikapu jioni

Kabla ya kupanda sakitini tulishuka kijijini. Watkins Glen iko ncha ya kusini ya ziwa Seneca, mtaa mkuu unaitwa Franklin, na mbele ya jengo la mahakama ndo mbio zilianzia mwaka 1948. Mwanafunzi wa sheria anaitwa Cameron Argetsinger ndo alileta wazo, zikawa mbio za kwanza za barabarani Marekani baada ya vita kuu ya pili. Mzunguko ulikuwa maili 6.6, barabara za kawaida za watu, nyingine za vumbi, unapita daraja la mawe, unakatiza reli, na siku ile treni zilisimamishwa ili magari yapite. Mwaka 1952 gari lilimgonga na kumuua mtoto wa miaka saba pale pale mtaani, watu wakiwa wamejaa pembeni, ndo mbio zikaondolewa kijijini. Sakiti ya kudumu kule juu mlimani ilifunguliwa 1956. Formula 1 ilikuja kila mwaka kuanzia 1961 hadi 1980, NASCAR ilipita 1957, ikarudi 1964 na 1965, halafu kuanzia 1986 imekuwa inakuja kila mwaka isipokuwa 2020 ya korona.

Ule mzunguko wa zamani bado unaweza kuuendesha kwa gari lako bure, ni barabara za umma. Tuliupita taratibu na shem kwenye usukani. Ukitoka mjini unapanda msituni kona juu ya kona, baadaye unashuka mteremko mrefu kurudi kijijini na mwisho wake nyumba za watu ziko hapo hapo. Shem akasimamisha gari pembeni akashuka akaangalia chini. Akasema walikuwa wanashuka hapa na breki za mwaka 48?

Korongo la hifadhi liko katikati ya mji kabisa, maporomoko 19, ngazi zaidi ya 800, nenda asubuhi kabla ya saa tatu maana parking inajaa. Viatu vya raba vyenye meno, mawe yana maji muda wote.

Jioni saa kumi na moja kulikuwa na mbio za pikapu, Truck Series, ligi ya tatu ya NASCAR, ambayo Glen haikuwa imekuja toka 2021. Tiketi ya jumla ya wikiendi ilinitoka dola 120, sijui sasa ni ngapi, na kabla hujanunua uliza inakuruhusu kukaa wapi. Corey Heim alishinda, mwaka ule huyo kijana alikuwa anashinda kila sehemu. Sisi tulikuwa tunatembea tu tunatafuta pa kukaa keshoyake. Ushauri wangu, msikae kwenye jukwaa kubwa la mstari wa kumalizia. Pale unaona magari yanapita kwa kasi basi. Tulizunguka na mahali palipotushika miguu ni Inner Loop, kona za mwisho wa mnyoosho wa nyuma, nitazieleza hapa chini.

Jumamosi, 9 Agosti: Inner Loop

Nieleze sakiti kidogo. NASCAR inatumia njia fupi ya maili 2.45, mzunguko mmoja unachukua sekunde 72 hivi. Unaanza na kona ya kulia inayoshuka, wanaiita Tisini. Halafu Esses, kona za kupanda mlima kulia kushoto kulia katikati ya vyuma vya buluu ambavyo viko karibu na lami mno, ukikosea hakuna pa kukimbilia. Ukitoka hapo ni mnyoosho mrefu wa nyuma gia ya juu kabisa, na mwisho wa mnyoosho ndo Inner Loop, wengine wanaiita Bus Stop: kulia, kushoto, kushoto, kulia, kwa haraka, juu ya kingo zilizopakwa rangi, halafu moja kwa moja unaingia kona ndefu ya kulia inaitwa Carousel. Ile Inner Loop haikuwepo zamani. Mwaka 1991 J.D. McDuffie alifariki pale mwisho wa mnyoosho, gari lilitoka njiani kwenye kasi kubwa, na 1992 wakaijenga ili kupunguza mwendo.

Tulifika mapema na deli letu la barafu, kuingia na chakula chako inaruhusiwa ila vyupa vya kioo hapana, angalieni vipimo vya deli maana getini wanapima kweli. Pembeni yetu kulikuwa na mzee mmoja na mkewe, viti vinne wakati wako wawili, akatuambia kaeni, hivyo viwili ni vya watoto wangu na mwaka huu hawajaja. Mzee alikuwa anakuja Glen toka enzi za Formula 1. Alitupa na skana yake ya pili, ile redio ndogo unasikiliza dereva anaongea na timu yake, NASCAR hawafichi hiyo, mtu yeyote anasikiliza. Kama huna mzee wa kukupa, unaweza kukodi hapo hapo. Programu ya simu nayo ipo ila watu wakijaa mtandao unakufa.

Na plagi za masikio jamani. Hasa kwa watoto. Si hiari.

Sasa hapa Inner Loop ndo nilielewa kwa nini napenda hiki kitu. Gari linakuja kwenye mnyoosho, unalisikia kabla hujaliona, halafu dereva anakanyaga breki na pua ya gari inazama chini, matako yanainuka yanacheza cheza, diski ya breki ndani ya rimu inawaka rangi ya chungwa, na moshi kidogo unatoka kwenye tairi ya mbele ikiwa imeanza kufunga. Anaachia breki kidogo, tairi inazunguka tena, anakanyaga tena, yote hiyo ndani ya muda wa wewe kupepesa macho. Halafu kingo: tairi za upande mmoja zinaruka hewani, gari lote linatua kwa kishindo na unaona bodi inatikisika. Moto unatoka ubavuni kwenye ekzosi akiachia mafuta. Harufu ya breki inatufikia sisi kwenye viti.

Shem alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hii ni Kitonga. Kwa asiyejua, Kitonga ni ule mteremko wa Iringa ambao lori likishuka na mzigo dereva akitegemea breki peke yake, breki zinashika moto na hakuna cha kumzuia tena. Akasema hawa wanashuka Kitonga kila sekunde sabini na mbili na kila mara wanatakiwa wabakishe breki ya mara inayofuata. Ndo hapo ukweli wa mbio hizi ulipo kwa mtazamo wangu. Gari jepesi la Formula linasimama tu ukiliambia. Hili halitaki kusimama, na mbio zinaamuliwa na nani analibembeleza vizuri lap (mzunguko) ya 80 breki zikiwa zimechoka na tairi zimeisha.

Siku hiyo Ryan Blaney alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio za Jumapili za Cup, ligi ya juu kabisa ya NASCAR. Mchana mbio za Xfinity, ligi ya pili, zilikuwa kali kupita maelezo. Shane van Gisbergen na Connor Zilisch, timu moja kabisa, walikuwa wanagombania uongozi wakagusana na van Gisbergen akaishia ukutani. Zilisch, kijana wa miaka 19, akashinda. Halafu kwenye kusherehekea akapanda juu ya gari, mguu ukateleza, akaanguka chini vibaya akavunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Sisi tulikuwa tunafunga deli tukaona watu wote wamegeukia skrini na kelele zimekata ghafla, mke wa mzee akashika mdomo. Alikuwa akimbize na Cup kesho yake, ikawa haiwezekani tena. Tulimwombea usiku ule, nasema kweli.

Usiku tulichoma yale mahindi. Mzee alitualika kwenye kambi yake, akatusimulia 2012 alivyokuwa amekaa sehemu ile ile, lap ya mwisho kuna oili barabarani, Kyle Busch anaongoza akateleza akazunguka, Brad Keselowski na Marcos Ambrose wakaanza kusukumana kona hadi kona huku wote wanateleza, wanatoka nje ya lami wanarudi, Ambrose akashinda. Alikuwa anasimulia kwa mikono yote miwili kana kwamba ameshika usukani. Akatuambia pia zamani timu zilikuwa zinakodi mabingwa wa kona kwa siku moja tu, watu kama Ron Fellows wa Kanada aliyemaliza wa pili hapa 1999 na 2004, kwa sababu madereva wa mviringo walikuwa hawajui kupinda kulia. Sasa hivi wote wamejifunza, kumpita mtu imekuwa kazi, na bado akaja mmoja kutoka New Zealand akawafundisha upya.

Jumapili, 10 Agosti: lapu 90

Huyo mmoja ndo van Gisbergen. Bingwa mara tatu wa Supercars za Australia, 2016, 2021 na 2022. Mwaka 2023 alialikwa Chicago kukimbia Cup kwa mara ya kwanza maishani na akashinda, jambo ambalo halikuwa limetokea toka Johnny Rutherford 1963. Mwaka 2025 kabla ya Glen alishashinda Mexico City, Chicago na Sonoma.

Mbio zilianza saa nane mchana, jua kali. Nilimwambia shem leo usiangalie gari la kwanza, sikiliza gari namba 88 likifika kwenye breki. Madereva wengi wa NASCAR wanakanyaga breki kwa mguu wa kushoto na gia wanapangua bila klachi, gia zenyewe ni tano za kuvuta na kusukuma. Van Gisbergen yeye anatumia mguu wa kulia kwa breki, wa kushoto kwa klachi, na kisigino kinapiga resi kidogo kila gia inaposhuka. Baada ya lapu kama tatu shem akanishika bega. "Huyu anapiga resi kabla gia haijaingia, umesikia? Kama sisi." Semi za manyuo (gia za mkono) ndivyo zinavyoendeshwa, bila resi gia inakataa. Akaniambia ukishusha gia bila hiyo tairi za nyuma zinashtuka, gari linapoteza mgongo, yeye mgongo wa gari lake umetulia ndo maana anachelewa kukanyaga breki kuliko wenzake. Na kweli ukiangalia, magari mengine yanayumba matako yakiingia Inner Loop, la kwake linaingia limenyooka.

Watu watasema mbio zilikuwa za upande mmoja. Alimaliza mbele ya Christopher Bell kwa zaidi ya sekunde 11, Chris Buescher wa tatu. Sawa, nafasi ya kwanza haikuwa na mgombea. Mimi nilifurahi hivyo hivyo, maana mtu anayefanya kitu kigumu vizuri kuliko wote dunia nzima alikuwa anakirudia mbele yangu tena na tena na kila mara sawa sawa. Na nyuma yake ugomvi haukuisha, watu wanaingia watatu pale ambapo panaingia mmoja, milango inagongana, mmoja anaishia kwenye kokoto. Mzee alikuwa shabiki wa Chase Elliott, aliyepata ushindi wake wa kwanza kabisa wa Cup hapa 2018, na kila Elliott akipita mzee anasimama, kila lapu, mwanzo hadi mwisho. Ana miaka zaidi ya sabini. Mwisho van Gisbergen akapiga mpira wa raga kwa mguu kwenda kwa watu kama anavyofanya akishinda.

Kutoka: usikimbilie gari. Foleni ya kushuka kule ni barabara ndogo za shamba na watu wote wanaondoka pamoja. Sisi tulibaki na mzee, tukapika wali kwenye jiko dogo la gesi, mkewe akala sahani mbili za wali na maharage ya nazi tuliyokuja nayo kwenye deli, tukaondoka giza limeingia na barabara nyeupe.

Jumatatu, 11 Agosti: kurudi, kupitia Linden

Tulilala usiku mmoja zaidi kwa yule mama wa Montour Falls, asubuhi alikataa hela ya usiku huo, tukamwachia kanga moja ambayo mke wangu alikuwa ameweka kwenye begi. Njia ya kurudi ilikuwa safi.

Kabla ya kufika nyumbani nilimwomba shem tupitie Linden, ni jirani yetu kabisa. Ule uwanja mdogo wa ndege unaoupita kila siku ndo ilipofanyika mbio ya kwanza kabisa ya NASCAR yenye kona za pande zote, Juni 13, 1954, kwenye njia za ndege. Al Keller alishinda na Jaguar, na gari la nje ya Marekani halikushinda tena ligi ile ya juu mpaka Toyota 2008. Nimekaa Elizabeth miaka na sikuwahi kusikia mtu akiitaja.

Hesabu yangu kwa mtu mmoja, mafuta tumegawana: mafuta na toli dola 68, tiketi 120, hema 60, chakula kama 75. Moteli walirudisha pesa baada ya wiki mbili. Kwa wanaotaka kwenda: kwa 2026 mbio za Glen zilihamishiwa Mei 10, na Mei kule juu ziwani bado kuna baridi ya kweli usiku, kwa hiyo blanketi nzito na jaketi la mvua. Juni ya mwaka huo huo wa 2026 walipanga kupeleka mbio kwenye kambi ya jeshi la maji San Diego, shem anazitaka hizo kwa sababu ana mzigo wa California mara kwa mara. Mi nimeshamwambia Glen kwanza, mzee ametuwekea viti.